Athomi, wanachuo na mtoto aliyekwama kwenye 'nya'

Ijumaa iliyopita wanafunzi wangu wawili wa mwaka wa tatu walirudi chuoni jioni wakiwa wamenyong'onyea. Tangu Januari nimekuwa nikiwapeleka baadhi ya wanagenzi wangu wa ualimu katika shule moja ya msingi si mbali na Karatina, wakae na watoto waliochelewa kujua kusoma. Mmoja wao, binti anayetoka Chuka, alinieleza hivi: "Prof, yule mtoto yuko Gredi ya 5. Nimempa sentensi ya maneno manne tu. Anasoma herufi moja moja, na akifika neno la nne, la kwanza ameshalisahau."

Mwenzake akauliza swali ambalo nahisi lilikuwa moyoni mwa wote. "Lakini Prof, sisi hata si walimu bado. Hii kazi ni yetu kweli? Si serikali iajiri walimu?"

Ni swali la haki, na kwenye matatu sikuwa na nafasi ya kulijibu sawasawa. Nitajaribu kulijibu hapa. Jibu langu litapitia historia, kwa sababu sehemu hii ya nchi ilijifunza kusoma kwa njia ambayo wengi wetu tumeisahau, ilhali lugha zetu bado zinaikumbuka.

Hebu tuanze na neno. Wazee wa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga wanapowazungumzia watu wa kwanza walioingia dini ya Kikristo, huwaita athomi. Mmoja ni muthomi. Maana yake ni wasomaji. Hawakupewa jina kwa sababu ya ubatizo wala sala, bali kwa sababu ya kile walichoonekana wakikifanya: kukaa chini na kitabu. Kitenzi chenyewe ni guthoma, yaani kusoma kwetu kwa Kiswahili kulikopanda mlima na kubadilisha sauti njiani. Gikuyu haina sauti ya 's' kama yetu, ndiyo maana soko likawa thoko, sabuni ikawa thabuni, na saa ikawa thaa. Mwalimu naye akawa mwarimu, kalamu ikawa karamu, barua ikawa marua. Kwa hivyo sehemu kubwa ya vyombo vya kisomo ilifika kwetu kwa jina la Kiswahili, na baadhi ya majina hayo, kama mwalimu na kalamu, Kiswahili nacho kilikuwa kimeyapokea kutoka Kiarabu. Jambo kama hilo lilitokea Buganda pia, ambako Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi.

Neno la pili ni chuo. Leo ukisema chuo, kijana anafikiria digrii, bweni na mkopo wa HELB. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, chuo kilikuwa kitabu, na vilevile mahali watoto walipofundishwa Kurani. Mtoto wa Lamu au Mombasa aliyepelekwa chuoni alikwenda kukaa mkekani na kujifunza alifu na bee. Mwalimu mmoja mwenye watoto wengi hangeweza kumsikiliza kila mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliyekwisha kuzijua herufi alimshika mkono aliye nyuma yake, na aliyesonga mbele katika msahafu alimsikiliza aliye kwenye juzuu ya Amma. Mwanachuo, kwa maana hiyo ya kale, alikuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja.

Nimeyaleta maneno haya mawili pamoja kwa sababu yanabeba habari moja. Kusoma kulienea Afrika Mashariki kwa watu waliotanguliana hatua chache tu. Tuone sasa jinsi jambo hilo lilivyokuwa huku mlimani.

Wamisheni wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, Murang'a, mwaka wa 1902, kisha wakasonga hadi Nyeri. Wale wa Kanisa la Scotland walifungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina ya leo, mwaka wa 1908. Msomaji wa leo akisikia "misheni" hudhani mambo yote yalifanywa na Wazungu. La hasha. Wazungu wa Tumutumu walikuwa wachache mno kuzifikia ridge zote za Mathira. Marion Stevenson, aliyehamia huko mwaka wa 1912, alikuwa na kazi ya shule, kazi ya wanawake na kazi ya tafsiri kwa pamoja. Arthur Barlow alikuwa akihangaika na sarufi ya Gikuyu, na Agano Jipya katika lugha hiyo halikukamilika kuchapishwa hadi 1926. Nani basi alifundisha kusoma huko vijijini?

Ni vijana. Kituo kikuu kilikuwa na matawi, yaani vishule vya vijijini vya kuta za udongo na paa la nyasi, na walimu wake walikuwa wanafunzi wa juzi wa kituoni. Kijana aliyesoma miaka michache alitumwa ridge ya pili akiwa na vitabu viwili vitatu na ubao. Alichowazidi wanafunzi wake hakikuwa kikubwa. Pengine alikuwa anajua kusoma aya nzima, nao walikuwa bado kwenye silabi. Wengine walifundisha huku wakiendelea kusoma wenyewe kituoni.

Wakaguzi wa elimu wa kikoloni hawakuvisifu vishule hivyo, na walikuwa na hoja. Vijana wale walijua kidogo na waliachwa peke yao. Mwaka wa 1925 Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete ili kuandaa walimu wa kuzunguka vijijini, wakiwaongoza na kuwatia moyo hao vijana wa matawi. Zingatia jambo hilo, msomaji. Dawa iliyopendekezwa mwaka ule ilikuwa kumpa kijana mtu wa kumtembelea. Hakuna aliyesema aondolewe.

Ukaja mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana. Familia nyingi ziliwatoa watoto wao katika shule za misheni, na vuguvugu la shule huru likashika kasi. Vyama vya KISA na Karing'a vilijenga shule kwa michango ya wanakijiji, mawe yakibebwa mgongoni na akina mama. Majengo yalipatikana, walimu hawakupatikana. Basi tena, aliyemaliza madarasa machache akasimama mbele ya waliokuwa wakianza. Upungufu huo ndio uliomfanya Mbiyu Koinange, aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, kuanzisha Chuo cha Ualimu cha Githunguri mwaka wa 1939. Githunguri iko Kiambu, lakini walimu wake walitarajiwa hadi huku kwetu.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, shule hizo zilifungwa pamoja na chuo chenyewe. Githunguri ikageuzwa mahali pa kunyongea watu. Ni vigumu kupata mfano mchungu zaidi wa jinsi utawala unavyoweza kuogopa watu kusoma.

Hata hivyo mnyororo haukukatika. Katika kambi za kizuizini, waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. J. M. Kariuki, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1963, anasimulia madarasa ya aina hiyo. Na mtu wetu wa Karatina, Gakaara wa Wanjau, mwana wa mchungaji wa Tumutumu, aliyekamatwa mwaka huohuo wa 1952, aliandika shajara akiwa kizuizini. Kitabu kilichotokana na shajara hiyo, kwa lugha ya Gikuyu, kilimpatia Tuzo ya Noma mwaka wa 1984. Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kiwanda chake cha uchapishaji pale mjini Karatina. Kwa hivyo tusidhani kwamba kusoma ni mali ya darasa peke yake.

Baada ya uhuru hadithi ilibadilika sura. Mwishoni mwa mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta alifuta karo kwa darasa la kwanza hadi la nne. Idadi ya watoto katika shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7 mwaka uliofuata. Nilikuwa shuleni wakati huo, na nakumbuka jinsi viti vilivyokwisha tukakalia mawe. Vijana wa kidato cha nne waliletwa kutufundisha. Waliitwa UT, yaani walimu wasio na mafunzo, na jina hilo lilitamkwa kwa dharau kidogo. Jambo hilo lilirudi mwaka wa 2003, Rais Kibaki, mtu wa Othaya, alipofuta tena karo, na wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mara zote mbili milango ilifunguliwa kabla ya walimu kutosha. Na mara zote mbili aliyeumia zaidi alikuwa mtoto wa nyuma, yule ambaye mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kugundua kwamba hasomi.

Hapa niruhusiwe kusimulia yangu, kwa sababu nisingekuwa na haki ya kuwahubiria wanafunzi wangu bila kuikiri.

Agosti 1982 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi, chuo kilifungwa, nasi tukarudishwa makwetu na kutakiwa kuripoti kwa chifu kila mara. Chuo hakikufunguliwa hadi Oktoba 1983. Hebu fikiria kijana wa miaka ishirini na moja aliyekuwa ameshaanza kujiona msomi mkubwa, sasa anapanga foleni kwa chifu ili aandikwe kwamba bado yupo kijijini.

Mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani alinikuta njiani. "Wewe unazunguka tu," akaniambia. "Njoo unisaidie na hawa wa nyuma." Hakunipa darasa. Alinipa watoto tisa wa darasa la nne na kivuli cha mti wa mgreveleya.

Nilianza vibaya. Niliwahutubia watoto wale kama nilivyohutubiwa Nairobi. Miongoni mwao kulikuwa na mvulana mmoja aliyesoma vizuri kuliko wote, nami nikamshangaa: huyu amewekwa huku kwa nini? Siku moja upepo ukafunua ukurasa wa kitabu chake alipokuwa akisoma. Akaendelea kusoma ukurasa ule wa kwanza, neno kwa neno, macho yakiwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake. Hakujua hata herufi kumi.

Nilicheka. Watoto wakacheka pia, maana mwalimu amecheka. Kesho yake mvulana hakuja, wala kesho kutwa.

Nilimfuata kwao wiki ya pili, nikamkuta na mamaye wakichuma kahawa. Mama yule hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mtoto amesema hataki tena kusoma mbele ya watu. Nikaomba basi asome mbele yangu peke yangu, hapo hapo shambani, mamaye akituona. Tukaanza upya. Nilimwambia aniambie jambo lolote, naye akasema mbuzi wao amezaa. Nikaliandika kwa herufi kubwa, naye akajifunza kulisoma kwa sababu lilikuwa neno lake. Kutoka hapo tukaingia kwenye silabi: ma, me, mi, ta, te, ti. Silabi za Gikuyu na za Kiswahili zinafanana kwa kiasi kikubwa, kwani nyingi huishia kwa irabu, kwa hivyo alichojifunza katika lugha moja kilimfaa katika nyingine. Baada ya miezi kadhaa akarudi chini ya mgreveleya na wenzake. Tulikuwa tumefika kwenye silabi za herufi tatu: mba, nda, nya.

Kisha redio ikatangaza kwamba chuo kinafunguliwa. Nikafunga sanduku langu. Sikumwachia mtu yeyote maandishi ya wapi nilipofikia na kila mtoto. Sikudhani hilo lilikuwa na maana. Mwalimu mkuu alihamishwa mwaka uliofuata.

Tutarudi kwa mvulana huyo. Kwanza nataka kuonyesha kwamba wazo la wanafunzi wakubwa kuwashika mkono wadogo limejaribiwa kwingine pia, mahali pengine likafaulu na pengine likageuka balaa.

Tuanze na lililogeuka. Mwishoni mwa karne ya kumi na nane, Andrew Bell aliyekuwa akisimamia kituo cha mayatima Madras, India, aliona watoto wakiandika herufi mchangani, akawafanya wakubwa wawafundishe wadogo. Aliandika kitabu juu ya jaribio hilo mwaka wa 1797. Joseph Lancaster akafanya jambo kama hilo London, katika shule ambapo mwalimu mmoja aliwatawala mamia ya watoto kupitia wanafunzi wasaidizi. Mfumo huo ulisambaa duniani upesi sana, na sababu kubwa ilikuwa moja: ulikuwa rahisi kwa bei. Hapo ndipo ulipoharibika. Watoto wasaidizi wakawa badala ya walimu, masomo yakawa kukariri kwa kengele, na baadaye nchi zilizouiga zikauacha. Funzo lake ni hili: mtu akikuletea mpango wa wanachuo kufundisha watoto na neno lake la kwanza likawa kupunguza gharama za mishahara, mfukuze.

Palipofaulu, mambo yalikuwa tofauti. Mwaka wa 1974, katika Taasisi ya Weizmann nchini Israel, ulianzishwa mpango wa Perach: mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana na mtoto mmoja mwaka mzima, naye hupunguziwa sehemu ya karo. Nchini Marekani, kuanzia 1997, serikali ya Rais Clinton iliruhusu fedha za ajira za wanafunzi wa vyuo zitumike kuwalipa wale wanaosaidia watoto kusoma. Huko Mumbai na Vadodara, shirika la Pratham liliwatumia wasichana waliomaliza sekondari. Waliwachukua watoto waliobaki nyuma katika vikundi vidogo kwa saa mbili hivi kila siku na kuanza nao pale walipo, bila kuangalia darasa waliloandikishwa. Watafiti walipolipima jambo hilo, waliona watoto wale wamesonga mbele.

Kwetu Kenya si wageni wa jambo hili. Mwaka wa 2014 Wizara ya Elimu, kwa ushirikiano na shirika la Evidence Action, ilianzisha G-United, ambapo vijana waliohitimu vyuo vikuu walijitolea kwenda maeneo yasiyo ya kwao na kuwafundisha kusoma watoto wa madarasa ya chini waliochelewa. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa Tusome, uliompa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na kumpa mwalimu mtu wa kumtembelea darasani. Ukiwakumbuka walimu wa Jeanes wa 1925, utaona kwamba wazo la kumtembelea mwalimu lilichukua miaka tisini kurudi.

Hata baada ya hayo yote, utafiti wa Usawa Agenda wa 2021 ulionyesha kwamba wanafunzi wawili tu kati ya watano wa Gredi ya 4 waliweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi ya 3. Watatu wale waliobaki ndio ninaowazungumzia.

Kwa nini basi mwanachuo, na si mimi profesa? Nina sababu ya kiisimu. Mtoto wa Mathira anaposoma neno "bata", huenda akatamka "mbata". Anaposoma "lala" huenda akasema "rara". Mtu asiyejua Gikuyu husema mtoto amekosea kusoma. Hakukosea. Ameiona herufi sawasawa, ila ulimi wake umeitamka kwa mazoea ya nyumbani, kwa kuwa katika Gikuyu 'b' inayotamkwa kama ya Kiswahili huandamana na 'm' yake, na 'l' haitofautishwi na 'r'. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyechekwa kwa matamshi hayo hayo kidato cha kwanza hulitambua jambo hilo papo hapo. Binti wa Chuka naye anazo tofauti za lugha yake, kwa hivyo ana masikio ya kusikiliza. Mimi nimekaa mbali na darasa la pili kwa miaka hamsini na zaidi. Nimesahau jinsi inavyokuwa kutojua.

Sasa kuhusu serikali kuajiri walimu. Naam, iajiri, na wanafunzi wangu waendelee kudai hivyo. Mwanachuo hawezi kuwa mwalimu wa darasa. Haruhusiwi na haifai. Anachoweza ni kufanya kile ambacho mwalimu wa darasa lenye watoto sitini hakipatii muda: kukaa na watano kwa dakika arobaini na kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti.

Tazama ramani. Kuuzunguka mlima huu leo kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru, Murang'a, na Laikipia kule Nyahururu. Ongeza vyuo vya ualimu vya Kagumo, Kamwenja, Kigari, Egoji na vinginevyo. Athomi wa 1912 hawakuwa na hata kimoja. Kutoka lango la chuo chochote kati ya hivyo hadi shule ya msingi iliyo karibu ni mwendo wa miguu au nauli ndogo ya bodaboda.

Napendekeza mambo manne, na yote ni madogo. Kwanza, mwanachuo afundishwe kabla ya kwenda: ajue kumpima mtoto kwa herufi, silabi, neno na aya, na ajue kwamba mahali pa kuanzia ni pale mtoto alipo. Pili, akae na watoto mahali pa wazi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi, kamwe si peke yake na mtoto mmoja nyuma ya mlango. Tatu, chuo kilihesabu jambo hili kama kazi, kwa alama au kwa nafuu ya karo, maana mtoto wa maskini anayejilipia nauli kila wiki atachoka kabla ya muhula kwisha. La nne ndilo kubwa kwangu: kila mtoto awe na daftari lake, libaki shuleni, liandikwe siku kwa siku alipofikia. Mwanachuo ataondoka, kwa mtihani au kwa kuhitimu. Daftari lisiondoke.

Nalisema hilo la nne kwa sababu ya mvulana wa mgreveleya. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha kahawa, nikiwakilisha shamba la marehemu baba yangu. Karatasi za malipo ziligawanywa. Mtu mmoja wa makamo, mvi zimeanza, alimpa karatasi yake kijana aliyekaa karibu naye amsomee. Aliposikia jina langu likiitwa akageuka, akaja kunisalimia kwa mikono miwili.

"Mwarimu," akasema, "mimi ni yule wa mbuzi."

Tuliongea juu ya kahawa na mvua. Nilijaribu kutafuta namna ya kuuliza, naye akanisaidia. Alisema bila kinyongo, kama mtu anayekumbuka shamba lililoachwa nusu kulimwa: "Tuliachia kwenye 'nya'. Baadaye hakuna mtu alijua nimefika wapi. Waliendelea na kitabu, na mimi nikarudi kukariri."

Sikucheka safari hii, wala sikuwa na la kusema. Aliacha shule darasa la sita. Ameoa, amesomesha watoto wake wote, mmoja wao yuko chuo kikuu. Yeye mwenyewe husomewa karatasi yake ya kahawa.

Ndiyo sababu nilimjibu kijana aliyeniuliza kwenye matatu kwa neno moja tu, "Ndiyo," nikaahidi mengine nitayaandika. Kazi ya kuajiri walimu ni ya serikali. Kazi ya kumshika mkono aliye hatua moja nyuma yako imekuwa ya kila aliyewahi kuitwa muthomi au mwanachuo.

Binti wa Chuka anarudi shuleni Ijumaa hii. Nimemnunulia madaftari matano kwa duka la Karatina, kila moja na jina la mtoto juu. Nimemwomba kabla ya kuondoka aandike tarehe na silabi waliyofikia, ili atakayekuja Septemba asianze upya.